Maimuna na Wajibu wa Tabia: Kufundisha Wahusika wa Utengano

Mwalimu msomaji, swali la wahusika linapotolewa kuhusu riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, wanafunzi aghalabu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaodai kuwa Maimuna alijitakia. Wapo wanaomwondolea lawama yote na kumtwika babake, Bwana Maksuudi. Makala haya yanapendekeza tutenganishe chanzo cha tabia na wajibu wa mwenye tabia.

Tuanze na chanzo. Maimuna alitawishwa nyumbani, na wahenga walisema mazoea hujenga tabia. Asiyezoezwa kuchagua atapata wapi busara ya kuchagua? Isitoshe, anapotoroka anaangukia mikononi mwa Farashuu, mwenye kisasi na Maksuudi kwa yaliyompata bintiye, Mwanasururu. Ni bayana kuwa misukumo hii miwili haikuwa ya kujitakia.

Hata hivyo, chanzo si udhuru wa milele. Tukishikilia kuwa malezi ndiyo yaliyomfanya Maimuna kila alivyokuwa, basi hata kujinasua kwake baadaye hakutakuwa kwake. Tutakuwa tumemnyang'anya sifa pamoja na lawama. Methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu inakubali nguvu ya malezi, lakini pia inakiri kuwa mtu mzima angali anafunzika. Wajibu wa Maimuna unakua kadiri macho yake yanavyofunguka na hiari yake inavyopanuka.

Mpime Maksuudi kwa mizani iyo hiyo. Yeye alikuwa na mali, heshima na uhuru. Aliuficha uovu wake, na anayeficha jambo anajua kuwa ni baya. Lawama yake ni nzito zaidi kwa kuwa alijua na alikuwa na nafasi ya kutenda vingine.

Darasani, waelekeze wanafunzi wachore safu tatu kwa kila mhusika: alitendewa nini, alijua nini, angeweza kufanya nini. Kila hoja iambatane na tukio kutoka riwayani.

Tahadhari moja. Huenda darasani mwako yupo msichana aliyelelewa kama Maimuna. Darasa likimwita Maimuna malaya na kuishia hapo, anasikia. Likisema hakuwa na hiari kamwe, anasikia pia, na anaelewa kuwa naye hana njia ya kutoka.