Shika Tairi, Wacha Fremu

Wasee wengi wakiingia trai, yaani triathlon, hununua baiki, alafu viatu, alafu ile nguo ya kubana mpaka pumzi inakata. Siku moja kabla ya kuishia Kilifi kwa mbio ndio mtu anashtuka: manze, hii kitu itafika aje? Hapo ndio unacheki baiki ya malaki imefungwa na kamba ya manila juu ya Vitz, imetandikiwa blanketi, na mwenyewe anatabasamu ka msee ameweza. Hajaweza. Keria ilifaa aifikirie mapema, na si keria ya gari yake, ni keria ya baiki yake.

Ju baiki ya trai si ya kubebea mkate. Mirija zake zimekaa bapa ka upanga ndio zipasue upepo, na ukuta wa kaboni umeundwa ubebe uzito wa msee akikanyaga, haukuundwa uminywe kutoka kando. Chuma ikifinywa sana inapinda na unaona. Kaboni inaweza kupata ufa huko ndani na rangi ya nje bado inang'aa, we uje kujua baadaye ukishuka mteremko na speed ya pikipiki. Ndio maana sheria yangu ni moja na haina kona: shika tairi, wacha fremu. Kitu yoyote inauma fremu, hata ikiwa na raba laini aje, mimi nadinda.

Tukianza na ile keria ya kufungwa na mikanda kwa buti, hiyo haitachukua time. Ni bei poa, inakunjika, na inafaa baiskeli ya mtoto. Inabeba baiki ikining'inia kwa mirija ya fremu, sasa cheki baiki za trai zilivyo: Cervélo P5X iliyotoka 2016 haina ule mrija wa siti wa kawaida, na Ventum One haina mrija wa chini kabisa. Utaning'iniza wapi? Kuna fimbo inauzwa ya kuunganisha siti na stelingi ndio ikae ka mrija wa juu, lakini mbele ya baiki ya trai kumejaa mikono ya kulalia, nyaya na chupa, fimbo inakosa pa kushika. Kila tuta baiki inabembea, pedali inachora rangi ya gari, na namba pleti imefichwa. Karao akikusimamisha Mlolongo hutakuwa na story ya kumpea. Songa mbele.

Juu ya gari ndio wengi hukimbilia, na kusema ukweli baiki ikikaa huko inaonekana kali. Shida ya kwanza ni urefu. Gari ndogo iko karibu mita moja na nusu, ongeza baiki imesimama, umefika mita mbili na nusu na kitu. Parking za chini za mall nyingi Nai zinakata kwa mita mbili na kidogo. Soja mwenye roho safi atatoka kwa kibanda, apandishe kofia, aulize, "Mkubwa, hiyo ya juu umeipima?" Mwenye hajali atafungua tu. Binafsi ningebandika karatasi kwa dashibodi imeandikwa BAIKI IKO JUU, ju ukishaendesha masaa kadhaa unasahau kabisa, na hiyo chuma ya parking haisahau.

Shida ya pili ni vile inashikwa huko juu. Kuna ile iko na mkono wa kuuma mrija wa chini. Thule ProRide 598, kwa mfano, inashika mrija wa mviringo mpaka milimita 80, na ule wa yai mpaka 80 kwa 100. Ni keria kali, iko hadi na kidude cha kuzuia usikaze kupita kiasi, na ukitaka kuna raba spesheli ya kaboni. Bado inauma fremu. (Hao Thule ni wa Sweden, walianza 1942 na mtego wa samaki. Kushika vitu ni kipaji yao, sikatai.) Kuna ile ya foku: unatoa gurudumu la mbele, unafunga foku kwa keria, na hakuna mtu amegusa mirija. Hiyo naikubali, lakini jua foku yako kwanza. Baiki za zamani za breki za rimu ziko na ekseli nyembamba ya kufungua na mkono, nafasi ya milimita 100. Za sai za diski ziko na ekseli nene ya milimita 12. Ukinunua keria ya ile ya kwanza na baiki yako ni ya pili, bila adapta umenunua pambo. Na lile gurudumu umetoa litafutie mfuko, usilitupe kwa buti na jeki.

Alafu kuna hii ya kunyonya, SeaSucker ya Florida, inabandikwa kwa paa na pampu ndogo za kutoa hewa. Gari haihitaji vyuma za juu, na ukimaliza unaitoa. Inashika hadi kwa paa ya kioo. Lakini inataka paa safi na laini, na we unatoka na vumbi ya Mai Mahiu. Kila pampu iko na mstari wa rangi. Ukitokea, hewa inaingia, simama upige pampu tena. Msee mwenye hapendi kusimama asiguse hii.

Sasa nyuma, kwa tobaa, ile chuma ya kuvutia trela, hapo ndio mambo iko. Baiki inakaa chini, nje ya upepo, unaipandisha bila kuitisha ngazi. Lakini kuna mtego wenye wauzaji hawakuchapii. Keria nyingi za Ulaya zinashika ule mpira wa kuvutia trela, wa milimita 50, wenye uko kwa gari mob huku kwetu, alafu zinashika baiki na mikono ya kuuma fremu. Kuna za Marekani ndio zinashika tairi tu: mkono unapanda juu ya gurudumu, unakaza, fremu haiguswi. 1UP na Kuat wanaziunda hivyo. Lakini hizo zinaingia kwa bomba la mraba la inchi 2, si kwa mpira. Kwa hivyo yenye inafaa gari yako haifai baiki yako, na yenye inafaa baiki haiingii kwa gari. Kabla utoe doo, lala chini uangalie gari yako iko na nini. Prado na dabo kabini kadhaa ziko na hilo bomba tayari, mpira umechomekwa tu na pini.

Ka huna, unaishia Kirinyaga Road utafute fundi. Atakucheki, acheki Fielder, aseme, "Boss, nitachomelea hapo kwa bampa, nusu saa tumemaliza." Hapana. Bampa ni plastiki, na nyuma yake ni bati. Mwambie tu polepole, "Fundi, nataka ikamate chesisi, na iwe ya bolti." Ka ni fundi wa ukweli atachuchumaa, agonge huko chini na spana mpaka sauti ibadilike kutoka bati hadi chuma nzito, alafu atoe chaki ya nyuma ya sikio aweke alama. Ka ataendelea kuongea bila kuchuchumaa, mshukuru na uishie kwa wa pili. Pima ndani ya bomba na kalipa: milimita 50.8. Likiwa kubwa kidogo tu keria itacheza, na kila tuta utaiskia.

Hesabu uzito pia. Keria ya baiki mbili inaweza kufika kilo 20, na baiki za trai ni kilo nane hadi kumi kila moja. Hiyo ni karibu kilo 40 zikining'inia nyuma ya ekseli, na gari ndogo nyingi zinaruhusu kati ya 50 na 75 kwa tobaa. Inatosha, lakini usiongeze ya beshte. Baiki mbili zigeuzwe, moja iangalie kushoto na ingine kulia, ju zile pembe za mbele zitadunga siti ya jirani. Cheki egzosi iko wapi: moshi moto ukipuliza tairi masaa sita, tairi inaisha na rimu ya kaboni inaumia. Toa chupa zote, hasa za nyuma ya siti.

Ka uko na diski ya nyuma, ile gurudumu imefungwa kote, mkanda wa keria wa kufunga gurudumu hauna pa kupitia. Safiri na magurudumu ya mazoezi, ya mbio yalale ndani ya gari. Hata zile rimu ndefu hazifai kukaa nje kwa upepo wa juu ya Bonde la Ufa.

Na kuna Mtito Andei, njiani ukienda Kilifi. Kila mtu husimama pale, chai, choo, samosa. Keria yako iko nje na baiki ya malaki, na kufuli ya keria yenyewe hufunguka na bisibisi na nia mbaya. Mmoja abaki kwa gari, hakuna mjadala, hata ka ni ka-chai ka dakika tano.

Sasa niseme yenye itakasirisha wauzaji. Ka uko peke yako na uko na Probox, hauhitaji keria. Keria mpya ya jina inakula makumi ya maelfu, zingine zinapita laki, na Probox viti vikilala iko na karibu mita 1.8 za sakafu. Baiki bila gurudumu la mbele inalala ndani na nafasi inabaki. Weka gia kwa ile ndogo kabisa ya nyuma, tandika shuka ama godoro la foamu, laza baiki na upande wa kushoto chini ndio cheni na gia ziangalie juu. Magurudumu kwa mfuko, kando. Punguza upepo wa tairi kidogo, ju gari ikisimama kwa jua ya Voi inakuwa joko. Na ka ni breki za mafuta, ukitoa gurudumu weka kipande cha plastiki ama kadi ngumu katikati ya pedi. Mtu akibonyeza breki bila diski ndani, pedi zinafungana, na asubuhi ya mbio wenzako wakivaa kofia za kuogelea we utakuwa chini na bisibisi unazitenganisha.