Kutoka Nukta 6,240 Hadi Bilioni: Rekodi za Vioo Vinavyobeba Tovuti

Mzee mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki Kariakoo alinipa kazi ya kumtengenezea tovuti. Niliichora nyumbani kwenye kioo cha 1920 kwa 1080, nikaridhika nayo: picha kushoto, maelezo katikati, bei na kitufe cha kuagiza kulia kabisa. Nikaenda nayo dukani. Mzee akatoa simu yake, yenye ufa kutoka kona hadi kona, akaufungua ukurasa kwa kidole gumba.

"Kijana wangu, bei ziko wapi?"

"Sukuma pembeni, mzee."

Akasukuma. Ukurasa ukakimbia, ukarudi, ukakimbia tena. "Sasa mteja mwenye bando la kubahatisha atasukuma mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na kuanza kuchimba historia ya vipimo vya skrini, nikitafuta ni wapi hasa sisi watengeneza tovuti tulipojifunza kuvipenda vioo vyetu kuliko vya wateja. Nikajikuta nakusanya rekodi.

Kwa udogo, kombe nampa Nokia 7110 ya mwaka 1999, simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na kivinjari cha WAP, ile intaneti iliyopunguzwa kwa ajili ya simu za enzi hizo. Kioo chake kilikuwa na nukta 96 kwa 65, yaani nukta 6,240 tu, nyeusi kwenye mwanga wa kijani. Wengi huku kwetu tunakijua kioo cha ukubwa huo bila kuwahi kuigusa simu yenyewe, kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye Nokia 1100 ya mwaka 2003, kile kitochi kilichouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kitochi hakikuwa na intaneti. Lakini hebu kikumbuke kile kioo, kisha ujiulize ungepanga vipi duka zima la vipuri humo. Waliojaribu waliandika tovuti ya pili kabisa, kwa lugha yake, iliyokatwakatwa kuwa "kadi" za maneno machache.

Kwa ukubwa, shindano halina mvuto sana. Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York, kilizindua chumba kiitwacho Reality Deck, chenye skrini 416 zilizozunguka kuta na jumla ya nukta bilioni 1.5. Ni sawa na kubandika ukutani vioo vya 7110 zaidi ya 240,000. Ni chumba cha wanasayansi. Hakuna mteja atakayekwambia tovuti yake haikai vizuri mle ndani.

Rekodi inayonivutia zaidi ni ya kuzaliwa kabla ya wakati. Mwaka 2001, IBM ilitoa skrini ya inchi 22 yenye nukta 3840 kwa 2400, mwaka ambao wengi wetu tulikuwa tunachorea 800 kwa 600. Madaktari wa picha za mwili na wachora ramani waliifurahia. Tovuti ziliumbuka. Kivinjari cha enzi hizo kilihesabu nukta moja ya ukurasa kuwa nukta moja ya kioo, na kioo hiki kilibana nukta 204 katika kila inchi. Ukurasa wa upana wa 800, uliojaa kioo kizima kwenye kompyuta ya kawaida, hapa ulipata kama sentimita 10 tu, maandishi yake madogo kama yale ya nyuma ya kopo la dawa. Mwenye skrini ya bei mbaya kuliko zote ndiye aliyesoma kwa kukodoa macho.

Wakati huo huo, wafalme wa kawaida walikuwa wakipokezana kiti. Alianza 640 kwa 480, mtoto wa VGA ya IBM ya mwaka 1987. Akafuata 800 kwa 600, kisha 1024 kwa 768. Tovuti nyingi ziliandika chini kabisa kwamba zinaonekana vizuri zaidi kwa kipimo fulani, kama mwenye nyumba anayemwambia mgeni akabadilishe viatu kwanza. Nami niliandika hivyo, naona aibu kusema.

Enzi ya 1024 ndiyo iliyotupa bingwa wa hesabu: 960. Ukitoa nafasi ya kingo na upau wa kusogeza, 960 ilikaa vizuri ndani ya 1024, lakini sifa yake kubwa ni kugawanyika. Ina vigawo 28. Unataka safu mbili, tatu, nne, tano, sita, kumi na mbili? Zote zinatoka bila baki. Mwaka 2008 Nathan Smith akatoa mfumo wa 960, na kwa miaka kadhaa ukifungua tovuti tano, tatu zilionekana ndugu wa baba mmoja.

Upande wa pili wa jedwali amekaa 1366. Huyu ndiye mkaidi kuliko wote. Watengenezaji wa laptopu walitaka kioo kipana cha uwiano wa 16 kwa 9 huku wakibaki na ule urefu wa zamani wa 768. Piga hesabu: unapata 1365 na theluthi moja. Nukta haina theluthi, wakapandisha hadi 1366. Vigawo vyake ni vinne tu: 1, 2, 683 na 1366 yenyewe. Na huyu asiyegawanyika ndiye aliyeshinda, kwani mwaka 2012 takwimu za StatCounter, kampuni inayopima matumizi ya tovuti, zilionyesha 1366 kwa 768 ikimpita 1024 kwa 768 duniani kote. Ukiingia leo kwenye ofisi zinazotumia laptopu za mtumba, bado utamkuta.

Uongo uliodumu kuliko wote una namba pia: 980. Simu ya kwanza ya iPhone, mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha 320 kwa 480. Tovuti za wakati huo zingevunjika mle. Basi kivinjari chake, Safari, kikauambia kila ukurasa kwamba kioo kina upana wa 980, kikaupanga ukurasa hivyo, kisha kikausinyaza uingie mfukoni. Ilikuwa hila ya maana sana. Hadi leo, ukurasa usioandikwa ule mstari mfupi unaokiambia kivinjari kitumie upana halisi wa simu, unadanganywa vivyo hivyo. Waathirika ni pamoja na ukurasa wa kwanza kabisa wa mvumbuzi wa wavuti, Tim Berners-Lee, kule CERN, ambao haukupangiwa upana wowote: kwenye kompyuta ukilifinya dirisha maneno yanajipanga upya yenyewe, ila kwenye simu unatokea na herufi za sisimizi.

Na majivuno yaliyopotea bure kuliko yote? Sony Xperia Z5 Premium ya mwaka 2015, simu ya kwanza ya 4K, nukta 3840 kwa 2160 kwenye inchi 5.5. Mchoraji aliyeikimbilia hakuongezewa hata kidole cha nafasi. 4K ilijitokeza kwenye picha na video. Kurasa zilipangwa kwa upana wa nukta 360 za ukurasa, si za kioo, ule ule wa simu za bei nafuu zinazojaa mitaani. iPhone 4 ilishaonyesha njia mwaka 2010: nukta ziliongezeka maradufu kila upande, upana wa kupangia ukabaki 320.

Mwaka huo huo wa 2010, Mei, Ethan Marcotte aliandika makala iliyotaka ukurasa mmoja ujinyumbulishe kwa kila kioo, na Oktoba 2016 StatCounter ikahesabu simu na tableti zikizipita kompyuta kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeyasoma yote mawili kabla ya kwenda Kariakoo. Kusoma na kufanya ni watu wawili.

Simu ya kwanza ya kukunja ya Samsung, ikiwa imefungwa, ilishusha upana wa kupangia hadi 280. Saa ya Apple inakwenda chini zaidi, ila nayo inajisingizia 320. Ndiyo maana kombe la kudumu nalikabidhi kwa 320. Miongozo ya WCAG 2.1 ya mwaka 2018, inayolenga tovuti zitumike na watu wote wakiwamo wenye ulemavu, inadai maandishi ya ukurasa yasomeke katika upana huo bila kusukuma pembeni, na si kwa ajili ya simu peke yake: mtu mwenye kioo cha 1280 asiyeona vizuri, akikuza mara nne, anabakiwa na 320.

Niliichora upya tovuti ya mzee nikianzia hapo. Nilipompelekea, alikuza maandishi mpaka mwisho, akaisogeza simu mbali kidogo na uso, ufa ukapita katikati ya bei ya tairi la nyuma. Akaisoma kwa sauti, akamwita kijana wake wa dukani.

"Hebu njoo. Hii bei mliniandikia lini?"