Kukandwa kabla ya kujifungua: Wapi panafaa, wapi pana hatari

Na Mwandishi Wetu

MIMBA ikishatimiza miezi minane, mjamzito huanza kupokea ushauri kutoka kila upande. Shangazi anataka tumbo likandwe kwa mafuta ya nazi ili mtoto akae sawa, jirani anamfahamu bibi mmoja mwenye mikono myepesi, na mama mkwe anauliza kama kiuno kimekwisha kuchuliwa. Ni desturi ya miaka mingi, Pwani na bara, na si haki kuidharau yote kwa jumla.

Hata hivyo, neno kukanda limebeba mambo mawili yasiyofanana. Kuna kukanda ambako tafiti zimeonyesha kwamba kunamsaidia mama, na kuna kuminya tumbo kwa nguvu, jambo linaloweza kugharimu maisha yake na ya mtoto. Kinachotofautisha ni mahali mkono unapowekwa, nguvu inayotumika na ujuzi wa mwenye mkono huo.

Tuanze na sehemu ambayo wengi huona haya kuizungumzia, nayo ni msamba, yaani nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Hapo ndipo mama huchanika mtoto anapotoka, na hapo ndipo mkunga hukata anapoona inafaa kumwongezea njia. Waliokwisha kushonwa wanajua maana yake: kukaa kwa shida, kuogopa kwenda chooni, na wengine kuliogopa tendo la ndoa kwa miezi kadhaa.

Uchambuzi wa majaribio manne yaliyohusisha wanawake 2,497, ambao toleo lake la mwaka 2013 lilichapishwa na mtandao wa watafiti wa Cochrane, ulibaini kwamba wanawake waliokanda msamba katika majuma ya mwisho ya ujauzito hawakuhitaji kushonwa wala kuongezewa njia mara nyingi kama wenzao. Faida hiyo ilionekana hasa kwa wale ambao hawajawahi kujifungua kwa njia ya kawaida. Kwa waliokwisha kujifungua kwa njia hiyo, kilichopungua ni maumivu ya msamba miezi mitatu baada ya uzazi.

Si muujiza. Kwa hesabu za watafiti hao, katika kila wanawake 15 wanaofanya hivyo, mmoja ndiye anayeepushwa na sindano ya kushonwa. Wapo wanaokanda kwa bidii na bado wakachanika. Lakini kwa jambo lisilogharimu zaidi ya kijiko cha mafuta, si faida ya kubezwa. Tena uchambuzi huo ulionyesha kwamba kukanda mara nyingi zaidi hakukuongeza faida. Mara moja au mbili kwa juma zinatosha.

Namna yake ni hii. Kuanzia juma la 34 au la 35, mama akate kucha, anawe mikono kwa sabuni, akojoe, kisha aegemee mito huku magoti yamekunjwa na kuachana. Apake mafuta safi ya mimea yasiyo na manukato, kama ya nazi au alizeti, kwenye vidole gumba. Avitumbukize ndani ya njia ya uzazi kiasi cha sentimita tatu au nne, akandamize taratibu kuelekea nyuma na pembeni, na kushikilia kwa dakika moja au mbili. Baada ya hapo asogeze vidole huku na huku mfano wa nusu duara, bila kugusa upande wa mbele uliko mlango wa mkojo. Dakika tano zinatosha.

Atahisi nyama ikivutika na kuwaka kidogo, kama mtu anayevuta pembe za mdomo kwa vidole. Maumivu makali si dalili ya kazi nzuri; yakitokea, aache. Tumbo likiwa kubwa mno kiasi cha mikono kutofika, mume anaweza kusaidia ikiwa mke ameridhia.

Wapo wasiopaswa kufanya hivyo kabisa. Hao ni wenye kutokwa na damu, waliopasukiwa chupa, wenye maambukizi au vidonda ukeni, na wale walioambiwa kwamba kondo la nyuma limekaa chini karibu na mlango wa kizazi. Wanawake waliokeketwa nao wana suala la pekee, kwa sababu kovu halivutiki kama nyama ya kawaida. Wanashauriwa kumweleza mkunga wa kliniki mapema, hata kama hakuuliza, ili uamuzi wa namna ya kuwazalisha usifanywe katikati ya uchungu.

Kuhusu mgongo na kiuno hakuna ubishi mkubwa. Mjamzito anaweza kuchuliwa akiwa amelala ubavu, au ameketi kwenye kiti akiwa ameuelekea mgongo wa kiti na kuuegemea. Asilazwe chali kwa muda mrefu, kwani uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, naye huweza kuona kizunguzungu. Tahadhari nyingine ni miguu. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usichuliwe hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisogea huweza kufika kwenye mapafu. Hilo ni suala la hospitali siku hiyo hiyo.

Linalobaki ni tumbo, na hapa ndipo penye hatari. Mimba inapokaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika tumbo la uzazi kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka kabla ya wakati wake kutokana na kuminywa, damu hiyo humwagika kwa kasi, na mara nyingine hubaki imefichika ndani huku nje haionekani hata tone. Dalili ni tumbo kuwa gumu kama ubao, maumivu yasiyoachia na mtoto kupunguza kucheza. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji ana hatari zaidi, kwa kuwa kovu lake linaweza kufumuka.

Pengine msomaji atauliza: mbona bibi fulani amegeuza watoto wengi na hakuna aliyedhurika? Jibu liko katika maumbile yenyewe. Katika juma la 28, takriban mtoto mmoja kati ya watano huwa ametanguliza matako. Mimba ikitimia, wanaobaki hivyo ni watatu au wanne tu kati ya 100. Wengi wamejigeuza wenyewe bila kuguswa na mtu, na bibi aliyekanda katika mwezi wa saba hupokea shukrani kwa kazi iliyofanywa na mtoto.

Madaktari nao hugeuza mtoto kwa mikono, lakini kwa masharti. Hungoja hadi juma la 36 au la 37, hutazama kwanza kwa kipimo cha ultrasaundi kondo limekaa wapi, husikiliza mapigo ya moyo ya mtoto kabla na baada, na hufanya kazi hiyo mahali penye chumba cha upasuaji kilicho tayari. Pamoja na yote hayo hufanikiwa kwa takriban nusu tu ya wanawake, na mtoto akigoma, wanaacha. Mkandaji wa nyumbani hawezi kujua kondo liko wapi, na akiona mtoto hasogei, kishawishi chake ni kuongeza nguvu.

Tumbo linaweza kupakwa mafuta na kupapaswa kwa kiganja, na mama akaburudika. Kuminya, kusukuma na kuvuta ndiko kusikotakiwa.

Swali jingine linaloulizwa sana ni kama mguso unaweza kuuanzisha uchungu. Kubonyeza sehemu maalumu juu ya kifundo cha mguu, tiba yenye asili ya China, kulichunguzwa katika uchambuzi wa mwaka 2017, na hakukupatikana ushahidi wa wazi kwamba kunaleta uchungu. Kusugua chuchu ni jambo tofauti. Kunaufanya mwili utoe homoni ileile ya oksitosini inayokaza tumbo la uzazi, na uchambuzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kwa mimba iliyotimia, na mlango wa kizazi ukiwa umekwisha kulainika, uchungu huweza kuanza ndani ya siku tatu. Kwa sababu hiyohiyo kusifanywe nyumbani na mwenye shinikizo la damu, mwenye kovu la upasuaji au ambaye mtoto wake hakui vizuri. Mikazo huweza kuzidi kipimo.

Uchungu ukishaanza, mkono una nafasi yake kubwa kuliko wakati wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza kuchuliwa na kukandwa kwa kitambaa cha moto kwa mama mwenye afya anayetaka nafuu ya maumivu, na unapendekeza kila mzazi awe na mtu wa kumsindikiza anayemchagua mwenyewe. Mwongozo huohuo haupendekezi kubonyeza tumbo kwa juu ili kumsukuma mtoto atoke, kitendo ambacho hata baadhi ya wahudumu wamekizoea.

Kumsaidia mwenye uchungu hakuhitaji mafunzo marefu. Mkazo unapoanza, msindikizaji huweka kitako cha kiganja kwenye mfupa wa chini ya kiuno na kukandamiza bila kusitasita hadi mkazo uishe, kisha huachia. Mama mwenyewe ndiye anayesema ongeza au punguza, na akisema usiniguse, mkono unaondoka.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake takriban wanane kati ya 10 hujifungulia katika vituo vya afya. Wodi nyingi za umma zina vitanda vilivyosongamana, kwa hiyo si kila kituo kitamruhusu mume kuingia. Baadhi humkubali dada, mama au wifi. Ni vyema kuuliza kliniki mapema nani anaruhusiwa, ili aliyechaguliwa apate kuonyeshwa mahali pa kuweka kiganja kabla siku haijafika.