Balozi Asisikie kwa Sikio la Kuazima

Nchi inapomtuma mjumbe wake ng'ambo humpa nyumba, gari, bendera, na hati za kumtambulisha kwa mkuu wa nchi aendako. Hayo yote ni ya lazima. Lakini ikiwa hakupewa lugha ya watu anaokwenda kuishi nao, mjumbe huyo amekwenda na mdomo usiosema na sikio lisilosikia. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Nasi twaongeza kwamba sikio la kuazima halisikii vyema.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa wa ofisini, hayamhusu mkulima wala mfanyakazi wa kiwandani. Hilo ni kosa, na historia ya Afrika yenyewe yathibitisha.

Tarehe 2 Mei 1889, Mfalme Menelik wa Pili wa Uhabeshi, ambayo leo ni Ethiopia, alipatana na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli, huko Wuchale. Mkataba wao uliandikwa kwa Kiamhara na kwa Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhara kilisema kwamba Mfalme aweza, akipenda, kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kifungu kile kile kilimfunga kufanya hivyo. Basi kwa lugha moja Uhabeshi ilikuwa nchi huru. Kwa lugha ya pili ilikuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wa Roma.

Menelik alipoitambua tofauti hiyo alipinga, na mwaka 1893 akaukana mkataba wote. Vita vikazuka, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi yake yakawashinda Waitalia huko Adwa. Oktoba mwaka huo Italia ikakubali kuufuta mkataba wa Wuchale. Ikiwa ilikuwa hila au kosa la tafsiri, wanahistoria wangali wakibishana. Kwetu sisi fundisho ni moja: tofauti ya maneno machache ililipwa kwa damu ya maelfu ya watu, na waliolipa hawakuwa wale walioketi mezani.

Tusidhani kwamba mambo hayo yamepita. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kufanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba. Mfanyakazi aliyenyimwa mshahara, au aliyenyang'anywa pasipoti yake, atakimbilia wapi ila ubalozi wa nchi yake? Naye mkononi ana karatasi iliyoandikwa kwa Kiarabu. Je, akimkuta afisa asiyeweza kuisoma, atateteweje mbele ya polisi na mahakama?

Wengine hujibu kwamba Kiingereza chatosha, na penye haja ataajiriwa mkalimani. Mkalimani ni mtu wa heshima na kazi yake ni ngumu. Lakini hawezi kuandamana na balozi sokoni, msibani na harusini, wala kumsomea kila gazeti kila asubuhi. Na Kiingereza humfungulia mgeni mlango wa wizara. Hakimfungulii mlango wa nyumba za watu.

Mataifa makubwa yanalijua jambo hili, ingawa nayo hujikwaa. Uingereza ilikifunga kituo cha lugha cha wizara yake ya mambo ya nje mwaka 2007. Mwaka 2013 ikakifungua tena. Marekani, ambayo chuo chake cha wanadiplomasia kilianzishwa mwaka 1947, hukadiria karibu wiki 36 za mafunzo kwa Kiswahili na wiki 88 kwa Kiarabu au Kichina. Hata hivyo wakaguzi wa serikali yake walitangaza mwaka 2017 kwamba, kati ya kila nafasi 100 za ng'ambo zinazohitaji lugha, 23 zilishikwa na watu wasiofikia kiwango kilichotakiwa. Ikiwa tajiri hujikwaa hivyo, maskini asiyejiandaa itakuwaje?

Yatupasa basi kutenda. Mtu asipelekwe kabla hajafundishwa. Aliyekwisha kuimudu lugha asihamishwe upesi, kwani huko ni kung'oa muhogo kabla haujatia mizizi. Ujuzi wa lugha uhesabiwe katika kupandishwa cheo. Wala mafunzo yasiishie kwa balozi. Karani wa dirishani, anayekutana na mwananchi mwenye shida, ndiye mwenye haja kubwa zaidi.

Kujifunza lugha ya mwenzio si kuidharau yako. Tangu mwaka 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi katika Umoja wa Afrika, nasi twajivunia. Lakini anayetaka kusikilizwa lazima naye ajue kusikiliza. Gharama ya mwalimu ni kubwa. Gharama ya neno lisiloeleweka ni kubwa zaidi, na aghalabu hulipwa na mnyonge.