Bajeti: Neno lililotoka kwenye mfuko wa ngozi

KILA Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma, neno bajeti hutawala redio na vijiwe. Wazazi wengi hudhani ni jambo la Serikali, ilhali asili yake ni mfuko tu.

Kiswahili kililipata kutoka neno la Kiingereza budget. Waingereza nao walilichukua kwa Wafaransa, walioita mfuko mdogo wa ngozi bougette. Mwaka 1733, kijitabu kimoja kilimkejeli kiongozi wa Uingereza, Robert Walpole, kwa mpango wake wa kodi: kilimfananisha na tapeli wa dawa anayefungua mkoba wake mbele ya watu. Polepole neno likahama kutoka kwenye mfuko hadi kwenye hesabu ya kilichomo.

Maana hiyo ya kwanza inamfaa mzazi wa Songwe. Mfuko una mwisho. Ukitoa huku, kule kunapungua. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua.

Mkulima wa kahawa Mbozi hupata fedha kwa msimu. Zikiingia katikati ya mwaka, Januari huonekana mbali. Kumbe kabla yake kuna mbegu na mbolea, kisha shule zinafunguliwa. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Fedha hizo zitengwe siku ya malipo, si Desemba. Hata magunia ya mahindi ya chakula yahesabiwe hadi mavuno yajayo kabla ya kuuza ziada.

Mfanyabiashara wa Tunduma hali yake ni tofauti. Fedha huingia kila siku, shilingi na kwacha, na thamani yake hupanda na kushuka. Hatari yake ni kula mtaji bila kujua. Dawa ni mifuko miwili: wa biashara na wa nyumbani, na daftari la kuandika kila kinachotoka.

Baba na mama wakae pamoja kupanga, na watoto wakubwa wasikilize. Mtoto anayejua mfuko wa nyumbani una kiasi gani huelewa kwa nini viatu vipya vinasubiri, na hujifunza mapema kupanga chake.