Muuguzi akisema dini yake haimruhusu kukuhudumia

Umefika zahanati ukiwa na homa kali. Jina kwenye kadi yako ni la kiume, mavazi yako ni ya kike. Mhudumu anaitazama kadi, anakutazama wewe, kisha anasema imani yake haimruhusu kukutibu. Je, ana haki hiyo?

Ikiwa uko Kenya, jibu fupi ni hapana. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri na dini, na mhudumu wa afya anao uhuru huo kama wewe. Lakini Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ni kila mtu, si kila raia. Mkimbizi yumo.

Kukataa kushiriki katika huduma fulani si sawa na kumkataa mgonjwa. Dawa ya malaria ni ile ile kwa wote. Anayewapa wengine na kukunyima wewe kwa sababu ya jinsi ulivyo, amekubagua, hata akitaja dini. Azimio la Geneva, ambalo ni ahadi ya madaktari duniani, nalo linakataa jinsia, imani au uraia wa mgonjwa kuingilia wajibu wa daktari.

Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, hali ya afya, dini, na hata mavazi. Watu waliobadili jinsia hawatajwi kwa jina, na hilo ni pengo. Kuwa mmoja wao si kosa la jinai Kenya, ila mapenzi ya jinsia moja bado ni kosa. Kwa hiyo mweleze daktari yanayohusu ugonjwa wako. Mengine si lazima.

Uganda hali ni ngumu zaidi. Sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja bado ina adhabu kali sana. Hata hivyo, Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu kilichowalazimu watu kuripoti wanaoshukiwa. Sababu zake zilikuwa haki ya afya, faragha na uhuru wa dini. Yaani hapo dini na mgonjwa walilindwa kwa uamuzi mmoja, jambo ambalo wengi hawalijui.

Ukikataliwa, usigombane dirishani. Omba mhudumu mwingine, kisha mkuu wa zamu. Kama kuitwa jina kwa sauti kunakuhatarisha, omba uitwe kwa namba ya faili. Andika tarehe, saa na maneno uliyoambiwa. Kenya unaweza kulalamika kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, au kwa baraza linalosimamia wauguzi au madaktari. Kambini, nenda dawati la ulinzi la UNHCR na uombe kuzungumza faraghani. Lakini ikiwa ni dharura, tafuta matibabu kwanza. Malalamiko yanaweza kungoja hadi kesho.