Paswadi Yako Inajulikana Ploti Nzima

Form ni hii. Unalipanga karibu thao tatu kila mwezi ndio keja ikuwe na wifi. Alafu gemu ikifika dakika ya 80, kale kaduara kanaanza kuzunguka. Unateta. Unapigia customer care unabishana na mdada wa watu. Unapanga ku-upgrade package, uongeze thao zingine mbili juu. Buda, tulia. Net iko fiti. Hakuna hacker wa Urusi anakutafuta pia. Ni mbogi ya ploti imejaa huko ndani, sare.

Ju paswadi yako ni namba yako ya simu, si ndio? Ama jina ya mtoi na 123. Ama mbaya zaidi, ni ile fundi aliacha kwa sticker, na rauta iko kando ya TV, sticker ikiangalia wageni. Hiyo si paswadi, hiyo ni tangazo. WPA2, ile kufuli ya wifi, inakubali herufi 8 mpaka 63, na wewe umekwama hapo chini ka umekopeshwa. Tupa maneno manne hayajuani: omena, nganya, jirongo, ngazi. Rahisi kushika, ngumu kubahatisha.

Mzae wangu ako na security yake. Usiku anachomoa rauta, ati inakula stima na inatoa miale. Asubuhi anarudisha, paswadi ni ile ile, imeandikwa kwa kalenda ya kanisa ukutani. Ukimwambia WPA3 anauliza ka ni chama ya siasa. Mathe naye ashagawia chama yake yote. Wazazi waachie tu kazi ya kutuma good morning zenye maua.

Na usidhani kunyamaza kunasaidia. Kutoka Android 10, msee akishaingia anaeza share wifi na QR code, na simu mob zinaandika paswadi hapo chini, wazi kabisa. So ulipatia beshte mmoja kwa birthday. Beshte akachanua dem yake. Dem anaishi 4B. Sahi 4B iko na TV ya inchi 55 na haijawahi ona bill ya net. 4B anacheki series kwa 4K. Wewe unacheki kaduara.

Sasa skiza, hii ndio wasee hawajuangi: paswadi ni mbili. Kuna ya wifi, na kuna ya kuingia rauta yenyewe. Fungua brauza, andika 192.168.1.1 ama 192.168.0.1, vile sticker inasema. Rauta mob hukuja na jina admin, paswadi admin. Mirai, ile program chafu ya 2016, ilikuwa inazunguka intaneti ikijaribu karibu paswadi sitini za kiwanda za aina hiyo. Ikabeba kamera na rauta ka omena. October hiyo Twitter na Netflix zikayumba Marekani. Na admin tu. Sasa imagine 4B akichanuka: anaingia, anabadilisha kila kitu, unafungiwa nje ya wifi yenye unalipia. Utaenda kubisha kwake kuomba paswadi yako. Hiyo aibu huwezi weka kwa status.

Ukiwa huko ndani ya rauta, zima WPS, ile njia ya kuunganisha simu bila kuandika paswadi. Iko na PIN ya namba nane, lakini 2011 ilijulikana rauta huicheki nusu nusu, so za kujaribu ni elfu 11 tu, si milioni mia. Laptop inamaliza hiyo kazi kwa masaa. Weka WPA3, ama WPA2 ka rauta yako imezeeka. Ukikuta WEP, manze, hiyo ilivunjwa 2001. Rauta hiyo peleka museum. Guest network nayo washa, wageni wakae sitting room, wasifike bedroom.

Kuficha jina ya wifi? Story za jaba. App ya bure inaiona. Kuandika jina yako na namba ya mlango? Unaelekeza wezi. Na wewe wa "FBI Van", hiyo joke ilizikwa kitambo, wacha kutuchoma mbele ya caretaker.

Enyewe sheria iko. Ile ya 2018 ya makosa ya kompyuta inasema kuingia system ya mtu bila ruhusa ni faini mpaka milioni tano, ama miaka mitatu ndani, ama zote. Lakini jaribu kwenda station useme umeibiwa Mbps. Karao atauliza ka zilikuwa na risiti.

So badilisha leo usiku, series ikiwa katikati. Kuna msee atabisha kabla chai ichemke, amevaa slippers, akiuliza mbona wifi "yetu" imezima. Mwambie fundi anakuja kesho.